Mgongo, mabega na vigimbi vimekaza? Hivi ndo unavyomchua mtu bila kumuumiza

Wavuvi wetu wa Katonga na Kibirizi hapa Kigoma wanavuta nyavu za dagaa usiku kucha, asubuhi mtu anashuka kwenye mtumbwi kiuno hakinyooki, na bodaboda nao mabega juu siku nzima, wengi wanaishia kumeza diklofenaki kila siku, dawa ya maumivu ambayo ukiizoea hivo inaweza kuharibu tumbo na figo. Kuchuliwa vizuri kungewasaidia sana tu, ila watu wanadhani masaji ni nguvu, mpaka mtu alie ndo wanasema imeingia. Hapana jamani. Ukimbonyeza mtu mpaka anajikunja, msuli unakaza zaidi kujilinda, hapo umefanya kazi ya bure.

Mafuta tumia mise, yale ya kiini cha mbegu ya mchikichi, yanateleza vizuri na yapo kila soko huku, mawese achana nayo yatakuharibia shuka. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, hakikisha haliunguzi, liweke sehemu inayouma kama dakika 10 hivi. Alafu anza na viganja vyote viwili, taratibu, ukielekea upande wa moyo, yaani mguu unaanzia kwenye kifundo unapanda juu, usikimbilie kukandamiza. Nyama zikishapata joto ndo unakanda, unashika msuli unauinua unauminya unaachia. Ukikuta fundo, na kwenye mabega hukosi, weka kidole gumba juu yake ubonyeze polepole utulie hapo nusu dakika mpaka dakika nzima, utalisikia linalegea lenyewe. Muulize maumivu ni ngapi kwenye 10, akisema 7 punguza. Mgongoni fanya pembeni ya uti, sio juu ya mifupa yenyewe, na usikandamize nyuma ya goti wala mbele ya shingo.

Huna mtu wa kukuchua? Mpira wa tenisi kati ya mgongo na ukuta, unajisogeza mwenyewe, inatosha kabisa.

Kwa wachezaji, kabla ya mechi mchue haraka haraka na juu juu, dakika chache tu, alafu akapashe mwili kama kawaida, maana ukimchua kwa kina muda huo anaingia uwanjani amelegea. Baada ya mechi ndo unachua polepole. Na hii ya kwamba masaji inatoa asidi mwilini sio kweli, asidi ya laktiki inaondoka yenyewe ndani ya kama lisaa limoja, yale maumivu ya kesho yake na keshokutwa yanatokana na nyuzi za msuli kuchanika kidogo kidogo, masaji inayapunguza na kukufanya ulale vizuri, haiyafuti yote. Mvuvi naye kipindi cha giza, yaani usiku usio na mwezi ambapo dagaa wanavuliwa, mchue kidogo tu kabla hajalala, masaji ya kina subiri siku za mbalamwezi akiwa amepumzika.

Sasa hapa soma vizuri. Mtu kateguka kifundo leo, kimevimba, alafu mnamshika wanne mnamchua na dawa ya moto, mnamuongezea damu kuvujia ndani. Siku 2 au 3 za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, bandeji, na mguu juu ya mto, kama hawezi kabisa kukanyaga mpeleke hospitali ya Maweni wakampige eksirei. Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikawa cha moto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi au kwa mama aliyejifungua karibuni, usiuguse, inaweza kuwa damu imeganda na ukichua inaweza kung'oka iende kwenye mapafu. Mwili wote unauma na una homa? Kapime malaria kwanza. Na maumivu ya kiuno yakija na ganzi sehemu za siri au mkojo unatoka wenyewe, hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Vinginevyo mara 1 au 2 kwa wiki inatosha, akimaliza atembee kidogo, sehemu iliyochuliwa kuuma kidogo kesho yake ni kawaida ila isivimbe wala kuvilia damu. Wiki 2 au 3 zikipita hakuna nafuu nenda kamuone mtu wa fiziotherapia, akupe na mazoezi ya kuimarisha kiuno, maana msuli dhaifu utakaza tena hata uchuliwe kila siku.