Namna ya Kutumia Kanuni za SpamAssassin Katika Mradi Wako Bila Kukiuka Leseni

Kanuni ya SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, ni mistari michache tu: mmoja wa kutambua maneno, mmoja wa maelezo, mwingine wa alama (pointi) inazotoa. Udogo huo ndio unaowafanya watunza seva wengi wainakili bila kuuliza ni ya nani.

Anza kwa kusoma kichwa cha faili kabla ya kunakili chochote. Ukifungua 20_phrases.cf, mojawapo ya mafaili ya kanuni hizo, utakuta, kati ya <@LICENSE> na </@LICENSE>, tamko la Leseni ya Apache toleo la 2.0. Tamko hilo ndilo linalokupa ruhusa, nalo huachwa nyuma kila mtu anapochukua mistari ya kanuni peke yake. Niliwahi kuzichanganya kanuni za namna hiyo na zangu ndani ya local.cf, faili la mipangilio ya seva yangu, na siku tulipotaka kuutoa mradi hadharani, ilitubidi tutafute asili ya mstari mmoja mmoja.

Kwa hiyo, hatua ya pili, ziweke kanuni za wengine katika faili lake, pamoja na tamko lile, toleo ulikozitoa na tarehe. Ukibadilisha hata alama ya kanuni moja, andika humo kwamba umebadilisha, kwa kuwa leseni inadai hivyo. Ambatisha pia nakala ya leseni yenyewe na faili la NOTICE, lenye matangazo ya wenye hakimiliki.

Tatu, linganisha na leseni ya mradi wako. Free Software Foundation, shirika linalotunga leseni ya programu huru iitwayo GPL, inashikilia kwamba Apache 2.0 haipatani na GPL toleo la 2, hasa kwa sababu ya masharti ya hataza (patent), ila inapatana na toleo la 3 la mwaka 2007. Angalia na umri wa kanuni: SpamAssassin iliingia chini ya leseni ya Apache kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2004, hivyo kanuni iliyotoka katika matoleo ya kabla ya hapo isibandikwe tamko hilo kwa mazoea.

Jambo la nne husahaulika zaidi. Kanuni kama RCVD_IN_XBL huuliza orodha ya anwani za IP zinazoshukiwa, inayotunzwa na shirika la Spamhaus, na leseni ya kanuni haigusi data ya orodha hiyo, ambayo matumizi yake ya bure ni ya kiwango kidogo na yasiyo ya kibiashara. Mimi huzizima kanuni hizo katika mradi ninaousambaza, nikamwachia mtumiaji aziwashe baada ya kusoma masharti.

Kanuni uliyoikuta bila leseni yoyote usiichukue. Mwandikie mwenyewe umwombe ruhusa kwa maandishi, au uandike yako ukianzia kwenye barua taka zilizoingia katika seva yako.