Kabla ya Kusajili Kitalu cha Madini Marekani: Ofisi Mbili, Kalenda Mbili

Anayetaka kupiga bikoni, yaani kuweka alama za mipaka ya kitalu cha madini, katika ardhi ya umma kwenye majimbo ya magharibi ya Marekani anapaswa kufahamu, kabla hata hajashika sururu, kwamba haki yake inasimama juu ya sheria za pande mbili: za jimbo na za shirikisho, yaani serikali kuu. Sheria ya Madini ya mwaka 1872 inamruhusu kushika kitalu mahali alipogundua madini, lakini utaratibu wa kuweka alama na kusajili katika kaunti umeachiwa majimbo. Na tangu mwaka 1976 sheria ya ardhi za shirikisho inamtaka apeleke nakala ya hati hizo pia katika shirika la usimamizi wa ardhi, ambalo wachimbaji huliita BLM.

Kwanza hakikisha unastahili: kitalu hushikwa na raia, au na aliyekwisha kutangaza rasmi nia ya kuwa raia. Hakikisha pia kwamba ardhi haijafungwa kwa uchimbaji na haina kitalu cha mwingine kilicho hai. Kitalu cha mwamba, yaani cha madini yaliyo ndani ya mwamba wenyewe, hakizidi futi 1,500 kwa 600, pima vizuri.

Kisha hesabu siku. Shirikisho linakupa siku 90 tangu tarehe ya kushika kitalu, na Nevada inakupa siku 90 za kusajili katika kaunti, lakini Utah inakupa 30 tu. Anayefuata kalenda ya shirikisho akiwa Utah amekwisha kuchelewa bila kujua. Fuata siku iliyo karibu zaidi, uanzie kaunti, kisha upeleke BLM nakala ya hati ileile, yenye majina yaleyale na maelezo yaleyale ya mipaka.

Jambo linalowaangusha wengi, nami likaniangusha, ni hati za kila mwaka. Kila kitalu hulipiwa ada, ambayo sasa ni dola 200, isizidi tarehe 1 Septemba. Mwenye vitalu visivyozidi 10 nchi nzima anaweza kuomba msamaha wa ada hiyo kufikia tarehe hiyohiyo, kwa sharti kwamba atafanya kazi yenye thamani ya dola 100 katika kila kitalu na kuithibitisha kwa hati ya kiapo. Mimi na mwenzangu tulikuwa na vitalu vinne Nevada. Tuliomba msamaha mapema mwezi Agosti, mitaro tulikuwa tumekwisha kuichimba kwa mikono yetu, na mwezi Oktoba tuliendesha gari saa tatu hadi kaunti kusajili kiapo. Karani aligonga muhuri wa wino wa buluu wenye tarehe na saa, nasi tukaitia hati katika bahasha ya kaki tukiamini kwamba kilichopokelewa kaunti kimefika serikalini. Hakikufika, kwa sababu ofisi hizo hazipelekeani hati. Kila moja hungoja yake. Nakala ya kiapo ilipaswa kufika BLM isizidi tarehe 30 Desemba. Mwezi Februari tulipata barua kwamba vitalu vyote vinne vimepotea, na kosa la namna hiyo halina marekebisho. Tulipofika huko Machi ili tuvishike upya, tulikuta nguzo mpya za mbao zimesimama hatua chache kutoka kwenye marundo yetu ya mawe, zikiwa zimefungwa utepe wa rangi ya waridi. Mitaro yetu ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya mipaka ya mtu mwingine.

Asikudanganye mtu kwamba siku moja husamehewa. Familia ya Locke, iliyokuwa ikichimba kokoto na vifaa vingine vya ujenzi Nevada, iliwasilisha hati zake tarehe 31 Desemba 1980, ilhali sheria ilisema ziwasilishwe kabla ya tarehe 31. Kwa maelezo yao, mfanyakazi wa serikali ndiye aliyewaambia kwamba tarehe hiyo inafaa. BLM ilitangaza kwamba vitalu vyao 10 vimeachwa na ni batili, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana na serikali. Kwa hiyo neno la karani, hata la karani mwema, lisichukue nafasi ya kusoma kanuni mwenyewe.

Ingefaa sana majimbo na shirikisho walinganishe tarehe na fomu zao, kwa kuwa anayeumia ni mchimbaji mdogo asiye na wakili. Hadi watakapofanya hivyo, andika kalenda mbili ukutani, moja ya kaunti na moja ya BLM, na usifute tarehe mpaka risiti ya ofisi husika iwe mkononi. Unapotuma kwa posta, tuma mapema na utunze uthibitisho wa tarehe. Ukihama, peleka anwani mpya kote kuwili. Ukiuza au kurithisha kitalu, hakikisha uhamisho umeandikwa kaunti na BLM pia. Na ukinunua kutoka kwa mtu, dai uone risiti za miaka yote, za ofisi zote mbili, kabla hujatoa hata senti.