Jinsi ya kupata mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: somo na maswali ya wanachama

Mpango wa ruzuku ya mbolea wa serikali ya Kenya ulipoanza Septemba 2022, mfuko wa mbolea wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa kama shilingi 6,500 ulishuka hadi 3,500. Agosti 2023 ukafika 2,500. Pesa za serikali hazipiti mkononi mwa mkulima. Zinakatwa kwenye bei, na anayefaidika ni yule tu ambaye jina lake limo kwenye sajili. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua ya kwanza, maana wengi wanaokosa mbolea hukwama hapo.

Hatua ya 1: Jiandikishe, kisha uhakikishe. Nenda kwa chifu au naibu wake ukiwa na kitambulisho na simu yako. Maelezo yako huingizwa KIAMIS, mfumo wa kitaifa wa kusajili wakulima. Taja ekari unazolima kweli, pamoja na shamba la kukodi, na mazao unayopanda. Ukipunguza ekari, mifuko nayo itapungua. Ukiongeza, unamnyima jirani. Kabla hujaondoka, omba usomewe namba ya kitambulisho na ya simu tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, vocha yako, yaani ujumbe wa kukuruhusu kununua kwa bei ya ruzuku, itaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Na tafadhali, usiandikishe laini ya mtoto aliye Nairobi.

Hatua ya 2: Subiri ujumbe. Vocha huja kwa SMS. Usiifute.

Hatua ya 3: Lipa na uchukue. Nenda kwenye ghala la NCPB (bodi ya taifa ya nafaka) au chama cha ushirika kinachogawa, ukiwa na kitambulisho na simu ileile. Mahindi ya ekari mbili, kwa mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kila ekari, ni mifuko minne: kwa ile bei ya 2,500, shilingi 10,000. Nauli ya mzigo ni juu yako, kwa hiyo majirani wakodi gari pamoja. Mvua za Machi hazimngoji mtu, basi andaa pesa mapema.

Hatua ya 4: Tunza risiti mpaka uvune.

Maswali ya wanachama

*Marehemu mume wangu ndiye aliyeandikishwa. Je, naweza kutumia kitambulisho chake? (Mama, Kwanza)*

Pole sana, mama. Usikitumie. Nenda kwa naibu wa chifu uandikishwe kwa jina lako, kwa sababu wewe ndiye unayelima. Mwambie pia kwamba mzee amefariki ili rekodi yake irekebishwe. Usikubali kuambiwa ungoje mpaka mambo ya urithi yaishe. Shamba linalimwa msimu huu.

*Laini yangu imepotea. (Kijana, Kiminini)*

Irudishe laini kwa namba ileile. Ukibadilisha namba, rudi kwa chifu ikabadilishwe na kwenye sajili.

*Nitajuaje kama mbolea ni feki? (Mzee, Endebess)*

Mzee wangu, kwa macho ni vigumu. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango ilipatikana ndani ya mpango wenyewe, na serikali ikawafidia walioinunua kwa kuwapa mifuko mingine. Ndipo thamani ya risiti ilipoonekana. Kagua mshono wa mfuko, na ukiona mchanga au mawe, acha kuitumia, weka mfuko huo kando na umwite afisa wa kilimo.

*Napanda na DAP kila mwaka lakini mahindi yanazidi kudhoofika. Niongeze mifuko? (Mama, Cherangany)*

Hapana, mama. DAP ikitumiwa mfululizo huongeza asidi kwenye udongo, na mmea hushindwa kuchukua fosforasi iliyomo kwenye mbolea unayoinunua. Peleka udongo KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Kitale upimwe kabla ya msimu. pH, kipimo cha asidi ya udongo, ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, na kwenye ghala uulizie NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) badala ya DAP.