Antigua, Guatemala: kuuzunguka mji kwa miguu kwa siku moja

Tafuta mlima kwanza. Volkano ya Agua, mita 3,760, iko kusini mwa mji, ukiiona, hupotei. Barabara ziitwazo avenida zinakwenda kaskazini na kusini, ziitwazo calle zinakwenda mashariki na magharibi. Neno la mwisho la anwani linakuambia uko upande gani wa bustani ya Parque Central: Norte kaskazini, Sur kusini, Oriente mashariki, Poniente magharibi. Wageni hushika namba ya barabara wakaliacha neno hilo, wakajikuta wamefika mwisho mwingine wa mji.

Toka alfajiri. Kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu huwahi kufunika kilele, na mvua hunyesha mchana. Anza na kilima cha Cerro de la Cruz, kama nusu saa kutoka bustanini; ngazi ziko mwisho wa 1a Avenida Norte (1a ni "ya kwanza"). Usipande kukiwa giza.

Ukishuka, pita La Merced, kanisa la njano lenye nakshi nyeupe. Tazama minara yake mifupi na kuta nene: mafundi walijenga wakijua ardhi ya hapa hutetemeka. Ndiyo maana kanisa lilisimama mwaka 1773, tetemeko lilipouvunja mji hadi makao makuu ya utawala yakahamishwa. Teremka 5a Avenida Norte hadi tao la Santa Catalina, walikopita watawa wavuke barabara bila kuonekana. Piga picha ukiwa kaskazini ya tao, ukielekea kusini. Hapo tu ndipo Agua inakaa katikati yake.

Las Capuchinas, iliyokuwa nyumba ya watawa, usiiruke: vyumba 18 vya watawa vimezunguka ua wa duara. Kwenye kanisa kuu wengi huishia sehemu ya mbele wakadhani wamemaliza. Magofu, ambayo ndiyo yenye utamu, yako nyuma. Mlango uko 5a Calle Oriente na tiketi yake hukatwa peke yake.

Vaa viatu vya soli nene, kwani barabara ni za mawe na zikilowa huteleza. Beba noti ndogo za quetzal. Maji ya bomba usinywe.

Volkano ya Acatenango, mita 3,976, usiibane ndani ya siku hii. Ni safari ya siku mbili yenye kulala kambini, kwenye baridi inayoweza kugandisha maji, na wapandaji hukesha wakiitazama volkano ya Fuego ikirusha moto upande wa pili. Chukua kiongozi, koti zito na glavu.