Jinsi ya kuendesha jaribio la mfuko wa pamoja na kumtambua mdoezi

Katika mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, michango ikishuka, ni kwa sababu watu wamechoka kuwabeba wadoezi, yaani wanaofaidi bila kuchanga, au hawakuuelewa mchezo tangu mwanzo? Jaribio likiandaliwa ovyo, huwezi kujua. Mimi hufuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Hesabu

Wapange washiriki wanne wanne. Kila mmoja mpe pointi 20, aamue abaki na ngapi na atie ngapi mfukoni. Kila pointi iliyoingia mfukoni humlipa kila mwanakikundi 0.4, awe ametoa au hakutoa. Wote wakitoa zote, kila mmoja anaondoka na 32. Wote wakibana, wanabaki na 20 zao. Lakini mmoja akibana na watatu wakatoa zote, yeye anapata 44, wao 24 kila mmoja. Mtego ndio huo. Mwishoni pointi zigeuzwe pesa taslimu, maana ukarimu wa pointi tupu haumgharimu mtu.

Hatua ya 2: Maelekezo

Futa maneno kama "kusaidiana" na "ubinafsi". Andika "mradi" na "akaunti binafsi", basi. Mchezo wenyewe usiupe jina. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Waorma wa Kenya waliucheza wakauita harambee wao wenyewe, wakachanga wastani wa asilimia 58. Jina lilipotoka kwao, lilikuwa matokeo ya utafiti. Lingetoka kwa mtafiti, lingekuwa amri.

Hatua ya 3: Maswali ya uelewa

Mpe kila mshiriki mifano minne akokotoe malipo yake na ya wenzake. Asianze mtu kabla hajapata yote. Niliwahi kuiruka hatua hii ili kuokoa muda. Kikao kilipoisha mshiriki mmoja akaniuliza mbona hata waliobana wamelipwa kutoka mfukoni. Data ya siku nzima nikaitupa.

Hatua ya 4: Jedwali la masharti

Kwangu, hapa ndipo kazi ilipo. Mbinu hii ni ya wanauchumi Urs Fischbacher, Simon Gächter na Ernst Fehr, waliyoichapisha 2001. Mshiriki hufanya maamuzi mawili. Kwanza hutaja kiasi atakachotoa bila kujua ya wenzake. Kisha hujaza visanduku 21: wenzako wakitoa wastani wa 0, utatoa ngapi? Wakitoa 1? Hivyo hivyo hadi 20.

Baadaye piga kura ya bahati nasibu. Mmoja katika kikundi atalipwa kwa kufuata jedwali lake. Watatu waliobaki watafuata uamuzi wao wa kwanza. Kwa kuwa hakuna anayejua kura itamwangukia nani, kila kisanduku kina uzito.

Sasa soma majedwali. Namba zikipanda pamoja na za wenzake, huyo hulipa wema kwa wema. Zikiwa sifuri mwanzo mpaka mwisho, huyo ni mdoezi. Wanauchumi hao watatu walikuta karibu nusu ni wa aina ya kwanza na takriban theluthi ni wadoezi. Wapo pia wanaopanda hadi katikati kisha wakashuka. Usiwalazimishe kuingia kundi lolote.

Angalia jambo moja zaidi: hata hao wanaolipa wema kwa wema, wengi wao hutoa pungufu kidogo ya wenzao.

Hatua ya 5: Marudio

Cheza raundi 10. Kwa kawaida michango huanzia karibu nusu, kisha huteremka. Ule upungufu mdogo ulioonekana kwenye majedwali ndio unaojilimbikiza raundi kwa raundi. Programu ya oTree, ya kuendeshea majaribio kama haya kwenye kompyuta, ni ya bure, ingawa karatasi na bahasha zinatosha.

Hatua ya 6: Uchambuzi

Wanaocheza pamoja huambukizana, kwa hiyo usihesabu vichwa. Kama vikundi havibadiliki, watu 40 ni vipimo huru 10 tu. Kama unawachanganya upya kila raundi, kikao kizima ni kipimo kimoja. Ukokotoe idadi ya vikao kabla ya kumwita mshiriki wa kwanza.