Malindi na bonde la Nyari: panga safari yako kwa maji na jua

Wageni wengi wanaonipigia simu kutaka kuja Malindi huanza na swali la hoteli. Mimi huwauliza kwanza: mnakuja lini, na siku hiyo mwezi wa angani utakuwa wa ngapi? Basi hunyamaza kidogo, wakidhani wamempigia mganga badala ya mtembeza wageni.

Swali hilo nililipata kwa aibu. Desemba moja, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilipokea chama cha akina mama kutoka Nairobi. Asubuhi niliwapeleka ufuoni, bahari ikawa ya kahawia kama chai ya maziwa. Mchana wa saa saba nikawapeleka Nyari, lile bonde la Marafa ambalo watalii huliita Hell's Kitchen, wakaungua miguu kwenye mchanga hadi mmoja akakaa chini ya kijiti kisicho na majani akakataa kuondoka. Jioni yule mwenyekiti wao akaniambia, "Kijana, asante, lakini umetuonyesha vitu viwili vizuri kwa saa mbili mbaya." Sina jibu la maneno hayo mpaka leo, ila ninao utaratibu huu.

Hatua ya 1: Chagua msimu, na ujue matope yanatoka wapi

Kaskazini tu mwa mji wa Malindi, mto Sabaki unaingia baharini. Huo ndio ule ule mto Athi unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha bara, siku chache baadaye udongo wa huko unafika hapa na bahari mbele ya mji inageuka rangi. Akina mama wale walipolalamika niliwaambia, "Hicho mnachokiona ni udongo wa kwenu." Walicheka, lakini hawakuogelea.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, matope husukumwa zaidi kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, yanarudishwa kwetu kusini. Ndiyo maana mwisho wa Novemba na Desemba, baada ya vuli, maji ya Malindi mara nyingi ni machafu ingawa jua linawaka na hoteli zimejaa.

Miezi ninayoipendekeza mimi ni Januari hadi katikati ya Machi, au Agosti hadi Oktoba. Kama likizo yako ni ya Desemba na huna namna, usivunje safari: lala Malindi, lakini siku ya bahari nenda Watamu, kilomita kama 25 kusini, ambako matope ya Sabaki hayasumbui sana. Aprili na Mei ni masika. Bei za vyumba hushuka, lakini njia za ndani huteleza na bonde lenyewe halishukiki vizuri likiwa limelowa.

Hatua ya 2: Hesabu maji

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, inaonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa. Matumbawe yanakuwa karibu, boti inasimama mahali pamoja, na hata asiyejua kuogelea anaweza kutia miguu kwenye fungu la mchanga. Maji yakijaa, utakuwa umelipia kuangalia maji.

Huhitaji programu ya simu. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani. Tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi huo, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, pwani yetu huwa na bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, na maji hufika mwisho wa kupwa karibu na saa nne na robo asubuhi. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50.

Mfano: unafika tarehe 17. Ni siku 2 baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo dakika 100. Saa nne na robo ukiongeza dakika 100 unapata saa sita kasoro dakika tano. Panda boti saa nne na nusu, utayakuta maji yakiendelea kupwa, na utarudi kabla hayajaanza kukimbia kujaa. Tarehe 8 au 22, hesabu hiyo hiyo inakupeleka saa kumi alasiri. Hizo ni siku za maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana, na ratiba yote unaigeuza: bonde asubuhi mapema, bahari alasiri.

Hesabu hii inaweza kukosea kwa nusu saa hivi, kwa hiyo jioni ya kuamkia safari muulize nahodha. Ukimwuliza "maji yanakupwa saa ngapi kesho?" hata bei atakayokutajia inabadilika, maana amejua hujaletwa na upepo.

Hatua ya 3: Njia ya kufika

Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Malindi, na kuna mabasi ya usiku. Ukipanda treni ya Madaraka utashuka Miritini, nje ya Mombasa, kisha utafute matatu ya Malindi, kilomita kama 120. Tiketi za treni za Desemba na Pasaka huisha mapema, usingoje. Wanaotoka Tanga huvukia Horohoro na Lunga Lunga, halafu feri ya Likoni, na kwa hao nasema wasipange jambo lolote siku ya kufika. Foleni ya Mtwapa haina heshima kwa ratiba ya mtu. Pale Kilifi, nunua korosho, ila onja kwanza.

Hatua ya 4: Mahali pa kulala

Sitakutajia hoteli. Ukitaka kuamka na adhana na harufu ya mahamri, tafuta nyumba karibu na mji wa kale. Ukitaka ufuo na utulivu, nenda upande wa Casuarina, ambako pia ni karibu na lango la hifadhi ya bahari. Utasikia Kiitaliano kingi huko, hata kutoka kwa vijana wanaouza vinyago. Usishangae wakikusalimu "ciao". Wajibu kwa Kiswahili na mazungumzo yatakuwa mafupi.

Siku tatu zinatosha: ya kufika, ya kazi, ya kupumzika. Hatua zinazofuata ni za ile siku ya kazi, nikichukulia umekuja siku ya bamvua.

Hatua ya 5: Asubuhi, baharini

Kunywa chai kwanza: mahamri na mbaazi za nazi, lakini usishibe, boti haipendi tumbo lililojaa. Kiingilio cha hifadhi ni cha Shirika la Wanyamapori na hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa hiyo kifanye usiku, siyo pale langoni intaneti ikizunguka. Pesa ya boti ni jambo lingine, unapatana na wenye boti wenyewe. Uliza mambo matatu kabla ya kupanda: safari inachukua saa ngapi kamili, miwani ya kupigia mbizi imo ndani ya bei, na boti ni yetu peke yetu au tutachanganywa.

Ukishaingia majini usipige miguu. Lala tu kifudifudi, utulie kama mtu aliyesahau kitu, na samaki watarudi wenyewe. Vitatange wa milia huja wa kwanza, halafu pono, na ukinyamaza vizuri utamsikia anavyotafuna matumbawe, kama mtu anayekula muwa chumba cha pili. Nahodha akikupa mkate wa kuwatupia samaki, mrudishie. Usikanyage matumbawe, hata kwa sekunde moja ya kurekebisha miwani.

Hatua ya 6: Adhuhuri, kivulini

Kuanzia saa sita hadi saa tisa jua la Malindi si la kubishana nalo. Una njia mbili. Ya kwanza ni kula samaki wa kupaka na kulala. Ya pili ni Gede, magofu ya mji wa Waswahili yaliyomo ndani ya msitu karibu na Watamu, ambako hata saa saba kuna baridi ya mti. Kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, msikiti mkuu, jumba la mfalme na visima virefu. James Kirkman alianza kuchimba na kuchunguza hapo mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Ficha ndizi zako. Kima wa Gede wanajua zipu.

Lakini Gede iko kusini na Nyari iko kaskazini. Mkiwa na watoto au wazee, chagueni kulala. Gede ifanye siku ya tatu, mkiwa njiani kurudi Mombasa.

Hatua ya 7: Jioni, Nyari

Gari liwe limeshapatikana tangu jana. Matatu za Marafa zipo, ila za kurudi jioni ni za kubahatisha, na bonde hili ni la jioni. Kodi probox au gari dogo, na bei mnayopatana iwe ya mambo matatu kwa pamoja: kwenda, kungoja na kurudi. Neno "kungoja" lisiposemwa mchana, litasemwa usiku.

Ondokeni Malindi saa tisa na nusu. Mtavuka daraja la Sabaki, kisha mtaiacha barabara ya Lamu na kuingia bara kupitia Marikebuni. Ni mwendo wa saa moja hivi, zaidi kama mvua imenyesha karibuni. Njiani kuna maembe, ngowe na boribo, yamepangwa mafungu kwenye magunia.

Nyari kwa Kigiriama ni mahali palipobomoka penyewe, na ukisimama ukingoni utaona jina limekaa. Hapana mlima, hapana dalili. Unatembea katika tambarare ya kawaida ya Magarini, mbuzi wanakula, halafu ardhi inakatika miguuni pako. Chini kuna nguzo na kuta zilizosimama kama mishumaa iliyoyeyuka nusu, juu nyeupe, katikati ya waridi na rangi ya chungwa, chini nyekundu iliyoiva. Ni mchanga ulioshikana kidogo tu, na mvua na upepo vimekuwa vikiula miaka mingi. Ukiugusa ukuta kwa kidole unabaki na unga.

Wenyeji ndio wanaosimamia mahali hapa. Lipa kiingilio, na chukua mwongozaji wa kijijini hata kama unajiona mjuzi. Kila masika njia za chini hubadilika, na palipokuwa ngazi mwaka jana leo pana shimo. Isitoshe, yeye ndiye atakayekupa hadithi. Ile maarufu inasema palikuwa na ukoo tajiri wa ng'ombe hata wakaoga maziwa, wakati majirani hawana maji ya kunywa. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza: weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Nyingine inasema watu walionywa wahame, wakahama, isipokuwa bibi mmoja aliyekataa kuiacha nyumba yake. Nimezisikia mara nyingi sana na kila mwongozaji ana bibi yake. Wa wengine mkaidi, wa wengine mchovu tu.

Mambo ya kubeba ni machache: viatu vya kufunga (ndala huchomoka kwenye mteremko), kofia, maji yasiyopungua lita moja na nusu kwa mtu, na tochi. Shukeni saa kumi na nusu, mtembee chini kama dakika 40, halafu mpande kabla ya saa kumi na mbili. Chini hakuna upepo, joto la mchana limebaki ndani ya kuta kama tanuri lililozimwa sasa hivi. Mwenye presha au ujauzito abaki ukingoni. Hakosi kitu, kwani rangi zenyewe zinaonekana vizuri zaidi kutoka juu.

Kisha kaeni. Wengi hupiga picha na kukimbilia gari saa kumi na moja, na hilo ni kosa la pili baada ya kuja mchana. Jua likiwa limebakiza kama nusu saa, ule wekundu wa chini unapanda, rangi ya chungwa inakuwa nyekundu na weupe unakuwa wa waridi, kwa dakika chache tu. Watoto wa kijijini huacha hata kuomba peremende. Na kama ulifuata hesabu ya hatua ya pili ukaja tarehe 15, geuka nyuma: jua linapozama upande mmoja, mwezi mpevu unachomoza upande wa bahari.

Tochi itumieni kurudi garini. Mkifika daraja la Sabaki, mwambieni dereva asiongeze mwendo. Pana giza, na ng'ombe wa jioni hawana taa.