Sentensi zilizovurugwa: zipange kwa kufuata viambishi

Mwanafunzi akipewa sentensi tano zilizochanganywa, jambo la kwanza analofanya ni kuwinda sentensi ya kwanza. Akikosea hapo, zote nne zilizobaki zinamfuata shimoni. Mimi hufundisha kinyume: ya kwanza iache kiporo, tafuta kwanza zinazoshikana. Kiswahili kinatusaidia sana katika kazi hii, maana kitenzi chetu hubeba ndani yake alama ya mtenda, ya mtendwa, hata ya wakati. Ushahidi wa nani amfuate nani umo ndani ya neno lenyewe.

Tufanye kazi na hizi:

1. Hapo huwapa wenzake, nao huimeza na kuitema mara kadhaa mpaka ianze kuwa nzito.
2. Nyuki mfanyakazi hutoka mzingani kwenda kutafuta maua yenye nekta.
3. Yakishapungua hadi chini ya asilimia 20 hivi, kila chumba huzibwa kwa nta.
4. Akiyapata, huifyonza kwa ulimi wake mrefu, huihifadhi katika kifuko kilichomo tumboni, kisha hurudi nayo mzingani.
5. Ikishakuwa nzito kiasi, humiminwa katika vyumba vya sega na kupepewa kwa mabawa ili maji yaliyobaki yazidi kukauka.

Hatua ya 1: Soma zote, kalamu ikiwa chini

Unataka mada tu: hapa ni safari ya nekta mpaka kuwa asali. Basi, endelea.

Hatua ya 2: Pigia mstari kila kinachodai mwenzake

Hapa ndipo penye kazi, usipakimbie. Chukua sentensi ya 4. *Akiyapata*: nani huyo, na amepata nini? *A-* inadai kiumbe mmoja, *-ya-* inadai kitu cha ngeli ya LI-YA au maji. Halafu *huifyonza*: *-i-* inadai kitu kingine kabisa, cha umoja katika ngeli ya I-ZI au cha wingi katika ngeli ya U-I. Neno moja limeomba viwili, linalofuata limeomba cha tatu. Sentensi ya 2 inavyo vyote: nyuki, maua, nekta. Hakuna nyingine inayoweza kulipa deni hilo lote, kwa hiyo 2 na 4 ni jozi.

Sentensi ya 1 inaanza na *hapo*. Panahitajika mahali palipokwisha kutajwa. Mzinga umetajwa mara mbili, katika 2 na katika 4, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukiiweka baada ya 2, nyuki ndiyo kwanza anatoka. Atawapaje wenzake kitu ambacho hajakichukua? Katika 4 amerudi, tena *nayo*. Jozi ya pili: 4 na 1.

Angalizo dogo: *hu-* ya mazoea haionyeshi mtenda ni nani. Sentensi zikijaa *hu-*, usipoteze muda kutafuta nafsi mwanzoni mwa kitenzi. Angalia kiambishi cha mtendwa, vionyeshi, na vitenzi vyenye *-ki-*.

Sentensi ya 5 inasema *ikishakuwa nzito*. Imeanza lini kuwa nzito? Mwishoni mwa 1. Jozi ya tatu.

Inabaki ya 3, nayo ina mtego. *Yakishapungua*: ni maua au maji? Kisarufi yote mawili yanafaa. Maana ndiyo inayoamua: maua hayapimwi kwa asilimia ndani ya chumba, na vyumba vyenyewe vimetajwa katika 5 pekee. Sarufi inakupa wanaoweza kuhusika, maana inamchagua mmoja.

Hatua ya 3: Unga jozi, ya kwanza itajitokeza

2–4, 4–1, 1–5, 5–3. Sentensi ya kwanza ni ile isiyodai chochote kutoka kwa wenzake. Ya 2 inataja kila kitu kwa jina lake, haina *huyo* wala *hiyo*.

Kwenye hadithi, alama ni nyingine. Kwa kawaida *-li-* hufungua na *-ka-* huendeleza, kwa hiyo inayoanza na *Akaufungua* haiwezi kutangulia. Tena kama kuna mlango na sanduku, *-u-* imeshakuambia kilichofunguliwa ni mlango. Sanduku lingekuwa *akalifungua*. *Mzee mmoja* hutangulia *mzee huyo*.

Maneno yanayodanganya ni *kwanza* na *hatimaye*. *Kwanza* mara nyingi hukaa ya pili, baada ya sentensi kama "Kukosa usingizi huathiri mtu kwa njia mbili." *Hatimaye* nayo huweza kufuatwa na matokeo. Usiyape nafasi kwa kuyatazama usoni tu.

Hatua ya 4: Jaribu kuivunja aya yako

Isome kwa sauti, kisha badilishana sentensi mbili zilizo jirani. Kama aya inakwama, mpangilio wako umeshika. Kama inasomeka vilevile, kuna alama uliyoiruka, rudi hatua ya 2. Kwa wanaotunga maswali: ikiwa kila mpangilio unasomeka, kosa si la mtahiniwa.

Hatua ya 5: Soma tena agizo kabla ya kuandika jibu

Alama nyingi hupotelea hapa, kazi yote ikiwa imeshafanyika vizuri. Agizo likitaka mpangilio wa namba, andika 2, 4, 1, 5, 3. Likitaka kila sentensi ipewe herufi ya nafasi yake kuanzia A hadi E, jibu linageuka: sentensi ya 1 ni C, ya 2 ni A, ya 3 ni E, ya 4 ni B, ya 5 ni D.